Shusha Hizo Spika

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja alihamia keja mpya Roysambu, akatuita tukaione. Sebule ya kueleweka, tailsi zinang'aa, na juu ya kabati, karibu zigonge dari, spika mbili nyeusi zimekaa kama tai wanaongoja kitu kife. Alituonyesha spika kabla ya kutuonyesha choo. Akaziwasha, dirisha likatetemeka. Tukatingisha vichwa, tukasema "hiyo ni moto", halafu kwa saa tatu zilizofuata tukaongea kwa kupigiana makelele kama makanga wa Muthurwa. Wimbo ninaoupenda sana ukapita na sikushika neno hata moja. Nilisikia dum, dum, na kitu kama mtu anayekaanga njugu nyumba ya tatu.

Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakula chapati zake. Leo sina chapati ya mtu mkononi, kwa hivyo nitasema: wasee, tunaweka spika vibaya. Na tunaziweka vibaya kwa sababu katika nyumba zetu sauti hupangwa kwa ajili ya anayeimiliki. Anayesikiliza atajijua.

Fanya hesabu rahisi. Ukiketi kwenye kiti cha kawaida, masikio yako yako karibu mita moja kutoka sakafuni, pengine pungufu kidogo kama kochi lako limeshazama katikati. Hapo ndipo spika inapaswa kukutazama. Sasa kumbuka sebule kumi za mwisho ulizoingia. Mimi nimeona spika juu ya friji. Nimeona spika chini ya meza, nyuma ya ndoo ya maji. Nimeona moja imetundikwa kwa msumari kwenye kona ya dari na mwenzake iko sakafuni nyuma ya mlango, kila mgeni akiingia inapigwa ngumi. Nimeona spika imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua, na juu ya kitambaa picha ya harusi. Hiyo si spika tena. Hiyo ni stuli ya picha.

Tabia hii tumeirithi, na sitaki kuwalaumu wazazi bure. Redio ya zamani ilikaa juu kwa sababu za maana. Watoto wasiiguse, betri zisimalizwe, kuku wasiiangushe. Tena ilikuwa na spika moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuleta sauti ya mtu mmoja anayesoma taarifa. Sauti ya Kenya, iliyogeuka kuwa KBC mwaka 1989, haikuhitaji uketi mahali fulani ili uielewe. Sauti ya msomaji wa habari husikika hata ukiwa jikoni unageuza ugali. Redio ilikuwa juu, sisi tulikuwa chini, na kazi yetu ilikuwa kunyamaza.

Kisha redio ikaondoka, seti za spika zikaja, na sisi tukazipandisha palepale redio ilipokuwa. Tukabadilisha mashine, tukaacha heshima ya kabati.

Hebu nieleze kwa nini urefu una maana, halafu turudi kugombana.

Sauti si kitu kimoja. Kuna sauti nzito, kuna sauti nyembamba, na hazisafiri kwa tabia moja. Besi inayotetemeka mara 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, yaani ni refu kuliko bedsita ya wengi wetu. Wimbi kama hilo halijali meza wala pazia, linazunguka kila kitu kama harufu ya vitunguu. Ndiyo maana huwezi kuonyesha kwa kidole besi inatoka wapi. Lakini sauti nyembamba, ile ya mitetemo 10,000 kwa sekunde, wimbi lake ni sentimita 3 na kidogo, karibu upana wa kifuniko cha soda. Hilo linakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ukiwa nje ya mwanga, uko gizani.

Sasa ni nini kinachokaa huko kwenye sauti nyembamba? Kayamba. Ukucha unaogusa waya wa gitaa. Pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza. Na zile herufi za s, t, k na f ambazo ndizo hufanya neno liwe neno. Kile kidude kidogo cha juu kwenye spika, ambacho mafundi wanakiita twita (si ile ya kutukanana), ndicho kinatoa hayo yote. Ukikipandisha kwenye dari, kinawaimbia mbu. Ukikiacha sakafuni, kinaimbia viatu.

Kibaya zaidi, kona ya dari inafanya jambo la pili. Spika ikisukumwa mahali kuta mbili zinakutana na dari, ama kuta mbili na sakafu, besi inarudishwa kutoka pande zote na kujumlishana. Kwa hivyo umepoteza maneno na wakati huohuo umevimbisha ngurumo. Halafu unashangaa mbona wimbo unasikika kama umeimbwa ndani ya tangi la maji.

Na hapa ndipo ubaya unatoka nyumbani mwako na kuingia kwa jirani. Mtu asiposikia maneno anafanya nini? Anaongeza sauti. Akiongeza, maneno hayaji, maana yanapita juu ya kichwa chake bado. Kinachoongezeka ni besi, na besi ndiyo inayopenya ukuta. Jirani hasikii wimbo wako. Anasikia dum dum tu, saa sita usiku, kama mtu anayepiga mlango bila kuingia. Nchi hii ina kanuni za kelele tangu 2009 na sote tunajua zinavyofuatwa. Lakini nakuambia, nusu ya vita vya kelele kwenye ploti zetu si vya ukorofi. Ni vya watu wanaotafuta neno moja kwenye wimbo kwa kuzungusha kitufe kisicho na neno hilo.

Ukuta wangu napakana na Mama Shiru, anayefanya kazi ya usiku na kulala mchana. Zamani alikuwa akigonga ukuta mara mbili tatu kwa wiki, na mimi nilikuwa nikimwona mbaya. Nilipoweka spika zangu mahali pake, nikajikuta nasikiliza kwa sauti ya chini kabisa na nasikia zaidi. Baada ya wiki mbili alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, uliuza ile redio? Ama mambo ni magumu?" Nikamwambia, "La, Mama Shiru, bado iko." Hakuamini. Alinitumia sukuma wiki kupitia kwa Shiru.

Mnataka kujua nilijifunza wapi haya, maana cheti sina. Nilisoma chuo miaka miwili na nusu, karo ikakata, nikatoka. Nakumbuka ukumbi wetu wa mihadhara: wanafunzi mamia, mhadhiri mmoja, na spika mbili kuukuu zimefungwa karibu na paa, zimeelekezwa ukuta wa nyuma. Sisi wa viti vya kati tulisikia mwangwi. Tulinakili mwangwi, tukafanya mitihani ya mwangwi. Siku moja msichana mmoja aliinua mkono akasema hatusikii, mhadhiri akamjibu kwamba wanaotaka kusikia huja mapema. Unaona? Spika imewekwa vibaya, na anayelaumiwa ni sikio.

Nilipotoka nilibeba vyombo vya muziki kwenye harusi na mazishi kwa karibu mwaka mzima. Bosi wangu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, hakuwahi kuwasha mashine kabla ya kwenda kuketi kwenye kiti cha mgeni, nyuma kabisa, na kuangalia spika kutoka pale. "Kwanza kaa anapokaa mwenyewe," alikuwa anatuambia. Mwenyewe, kwake, alikuwa mgeni wa mwisho, si bwana harusi aliyelipa. Kwenye harusi alipandisha spika juu ya miguu mirefu, kupita vichwa vya watu, kwa sababu watu husimama na kucheza, na kichwa cha mtu wa mbele huziba sauti nyembamba isimfikie wa nyuma. Kwa hivyo sisemi spika ikiwa juu ni dhambi popote. Nasema iwe pale masikio yalipo. Harusini masikio yamesimama. Kwako yameketi. Tofauti ni hiyo tu, na wengi wetu tumebeba harusi tukaipeleka sebuleni.

Kuna jambo lingine ambalo lilichukua kazi ya mtu na sisi tunalitupa. Mwaka 1931 mhandisi mmoja Mwingereza, Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi na EMI, aliomba hataza ya mfumo wa kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia sinemani akiwa na mkewe: mwigizaji anaonekana upande mmoja wa pazia, sauti yake inatoka upande mwingine, na jambo hilo likamkera. Blumlein alikufa 1942, akiwa na miaka 38, katika ajali ya ndege wakati wa kujaribu rada. Rekodi za stirio zilifika madukani zaidi ya miaka kumi baadaye. Alichokuwa anatafuta ni kitu kinyenyekevu sana: sauti itoke pale mtu alipo.

Ndiyo maana ya stirio. Si spika mbili ili kelele iwe mara mbili. Ni spika mbili ili mbele yako pajengeke jukwaa, huyu kushoto, yule kulia, mwimbaji katikati. Lakini jukwaa hilo linasimama kwa sharti. Spika ziwe na urefu sawa, umbali kati yake ukaribiane na umbali wa kila moja hadi kwako, na wewe uwe katikati. Moja ikikaa juu ya friji na nyingine nyuma ya mlango, jukwaa linaanguka, na kuna mtu anaanguka nalo.

Mtu aliyeanguka kwetu alikuwa baba mdogo.

Baba mdogo alipiga gitaa la pili kwenye bendi ya benga iliyocheza kwenye baa za Nakuru miaka ya tisini. Kwenye benga gitaa la kwanza ndilo hupewa sifa. La pili linashona chini yake, bila kupumzika, na kama linafanya kazi vizuri hulioni. Bendi ilirekodi kaseti moja, ikavunjika. Baba hakuwahi kwenda kumwona akipiga hata mara moja. Alisema baa si mahali pa mtu aliyeokoka, na kwamba ndugu yake alipoteza maisha kwa kukwaruza waya. Baba mdogo alifariki 2019. Kaseti ikahamishwa kwenye simu, na kila Krismasi mtu alikuwa akiicheza kwa seti ya Baba, juu ya kabati, spika ya kulia ikiwa nyuma ya chombo cha maua ya plastiki. Tulisikia mwimbaji na ngoma. Baba angesema, "Sasa yeye yuko wapi hapo?" Watu wangecheka.

Nilirudi nyumbani Desemba iliyofuata baada ya kuacha chuo. Tulikuwa hatuongei vizuri, mimi na yeye. Alasiri moja nikaanza kushusha spika.

"Hizo unazipeleka wapi?"

"Nazishusha kidogo tu, Baba. Dakika kumi."

"Chuo kilikushinda, sasa unataka kushindana na spika?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu halikuwepo. Nikaweka moja kwenye stuli ya jikoni, nyingine kwenye kreti mbili za soda, nikazigeuza kidogo zimtazame pale alipokuwa ameketi na gazeti. Nikapunguza sauti hadi karibu ya mazungumzo. Nikacheza ile kaseti.

Mtu aliyerekodi alikuwa ameweka gitaa la pili kulia. Kwa hivyo upande wa kulia wa sebule yetu, karibu na kalenda, mtu akaanza kupiga gitaa. Kila ukucha ulisikika. Palikuwa na mahali amekosea, kidogo sana, akarudi. Baba akashusha gazeti.

"Huyo ni nani?"

"Ni baba mdogo."

Tukasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rudisha." Tukasikiliza tena, halafu mara ya tatu. Hakuniomba msamaha wala hakumwomba ndugu yake. Alisema tu, "Kumbe alikuwa anafanya kazi," akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Miaka ishirini na zaidi. Kaseti ilikuwa nyumbani, umeme ulikuwapo, spika zilikuwapo. Kilichokosekana ni stuli moja na kreti mbili za soda.

Najua mtakayosema. Mtasema hapa Nairobi hakuna nafasi. Kweli, lakini spika ikishuka kutoka kabatini haiongezi ukubwa. Itakaa juu ya mawe mawili ya kujengea, yale yanayobaki kila mahali panapojengwa gorofa. Mtasema watoto wataiangusha. Kama mtoto yupo, iache juu, lakini iinamishe: kunja kadibodi, weka chini ya sehemu ya nyuma, spika itazame kochi. Ama igeuze kichwa chini ili twita iwe karibu na wewe. Spika haijui kama imesimama au imepinduka. Na wale wenye seti za wufa, lile sanduku kubwa liacheni sakafuni, besi haina mwelekeo, ila litoeni kwenye kona. Zile ndogo zilizopangwa juu yake kama matofali, zitenganisheni. Mlipewa waya ndefu kwa sababu.

Mwingine atasema haya ni mambo ya wazungu wenye pesa, wanaonunua nyaya za bei ya gari. Hao nao nina ugomvi nao, lakini wa siku nyingine. Wanauza ghali kitu ambacho sehemu yake kubwa ni bure. Spika ya bei ya chini kutoka Luthuli, ikiwekwa penye sikio, inatoa maneno ambayo ile ya laki moja iliyo kwenye dari haiwezi kukupa.

Na mwingine atasema, mimi nasikiliza kwa masikioni, hii hainihusu. Sawa. Lakini ile alasiri sisi watu wawili tulisikia gitaa moja kwa wakati mmoja, na kila mmoja alijua mwenzake amesikia. Vya masikioni vingempa Baba wimbo. Visingempa mimi nikimwona akishusha gazeti.

Ninachopinga ni kikubwa kuliko kabati. Tumelelewa na sauti zinazotoka juu: gari la kampeni, mhubiri wa jukwaani, matatu inayokupigia besi mgongoni utake usitake, mhadhiri wa viti vya mbele. Mwenye spika hujipima kwa nguvu ya kutetemesha dirisha. Haulizi sikio liko wapi. Kisha tukipata za kwetu, za jasho letu, jambo la kwanza tunalofanya ni kuzipandisha nazo zitukalie juu.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujalala, fanya hivi. Keti unapoketi siku zote. Mwambie mtu apime kwa kamba kutoka sakafuni hadi sikioni mwako. Weka twita zote mbili kwenye urefu huo, ziache ukuta kwa shubiri mbili tatu, zigeuze kidogo zikuangalie. Cheza wimbo wenye mwimbaji mmoja, sauti ya chini, ufumbe macho. Mwimbaji akisimama katikati, mbele ya uso wako, mahali ambapo hakuna spika yoyote, umefika. Asiposimama, sogeza.

Baba alizirudisha zake juu ya kabati Jumamosi ileile, kwa sababu Jumapili wageni wa chama walikuwa wanakuja na Mama hangekubali kreti za soda sebuleni. Nilipokwenda Pasaka nikazikuta hukohuko, kitambaa cheupe kimerudi. Lakini maua ya plastiki yalikuwa yamehamia dirishani. Na chini ya kila spika, kwa nyuma, palikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nane, zote mbili zimeinama kuelekea kiti chake.